Heroini: Tiba ipo, lakini si ya wiki moja

Mzazi anapogundua kwamba mwanawe anatumia heroini, aghalabu swali la kwanza analomletea daktari ni hili: "Nimpeleke wapi asafishwe damu?" Nimeulizwa swali hilo na akina mama, na akina baba wenye vyeo vyao, na hata na msichana mmoja aliyekuwa na miezi minne tu tangu aolewe. Uchungu wao naufahamu. Hata hivyo, swali lenyewe limebisha mlango usio wake, na kosa hilo limewapotezea watu pesa nyingi, na baadhi yao limewapotezea mtoto. Heroini haikai kwenye damu ikingoja kuoshwa. Baada ya siku chache mwili huwa umekwisha kuitoa kwa njia ya mkojo. Kinachobaki ni ubongo uliobadilika, na ubongo hausafishwi kwa dripu.

Nauita uraibu huu ugonjwa, na najua wapo wasomaji watakaokunja uso. "Daktari, kwani nani alimlazimisha?" Hakuna. Lakini hakuna pia aliyemlazimisha mzee wako kuvuta sigara miaka thelathini, na akipata saratani ya mapafu humwachi mlangoni. Unauliza tiba iko wapi. Basi tuulize hivyo hivyo hapa.

Unga huu si mgeni kwetu. Pwani uliingia tangu miaka ya 1980, ukivutwa pamoja na bangi ndani ya sigara au kwa kuchomwa juu ya karatasi ya fedha. Wakati huo ulikuwa ule wa rangi ya udongo unaoitwa brown sugar. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ukaja mweupe, unaoyeyuka kwa urahisi katika maji, na hapo ndipo sindano ziliposhika. Chanzo chake kikubwa ni mashamba ya Afghanistan, na njia yake ni Bahari ya Hindi. Mwezi Aprili 2014 manowari ya Australia ilinasa zaidi ya kilo 1,000 katika jahazi moja tu, nje ya pwani yetu. Na mkazi wa Nairobi anayedhani kwamba haya ni mambo ya Mombasa na Malindi akumbuke kuwa kliniki ya kwanza ya serikali ya kutibu uraibu huu ilifunguliwa Mathari, mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji.

Heroini ina ndugu zake. Mofini, kodeini iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi, tramado na pethidini ni wa ukoo huo huo. Zote hukaa juu ya vituo vile vile vya ubongo ambavyo Mungu aliviweka kwa ajili ya kemikali za mwili wenyewe za kutuliza maumivu. Mtu akitumia unga kila siku, vituo hivyo huzoea. Kiasi kilichomlevya mwezi wa kwanza hakimtoshi mwezi wa tatu. Nao mwili, ukiona kazi yake inafanywa na mwingine, huacha kutengeneza kemikali zake kama zamani. Ikifika hapo mtu hatumii tena ili apate raha. Anatumia ili aweze kusimama.

Arosto

Vijana wa Pwani huiita arosto ile hali inayomjia mraibu anapokosa unga. Huanza saa 6 hadi 12 baada ya kipimo cha mwisho. Macho na pua hutiririka kama mwenye mafua, miayo haikatiki, jasho linamtoka huku akitetemeka kwa baridi, mboni za macho zinapanuka. Kisha tumbo linamkata, anahara, anatapika, mifupa inamuuma kama inavunjwa, na usingizi haupatikani. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote. Baada ya wiki moja hivi mambo hutulia.

Mtu mzima mwenye afya ni nadra kufa kwa arosto, isipokuwa akiachwa ahare na kutapika bila kunyweshwa maji. Lakini mateso yake si mchezo. Anayeuza sufuria ya mama yake alfajiri mara nyingi hatafuti starehe. Anakimbia hiyo siku ya pili. Hilo halimpi haki ya kuiba, ila linaeleza kwa nini viboko na kumwita polisi havijamwachisha.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo familia nyingi huumia. Arosto ikipita, watu hudhani kazi imekwisha. Kijana amenenepa, anakula, anaswali au anakwenda kanisani, anacheka na wadogo zake. Kumbe ubongo bado una njaa. Kwa miezi kadhaa usingizi wake utakuwa wa vipande vipande, moyo utakuwa mzito, na akipita karibu na maskani alikokuwa akivutia, au akimwona rafiki wa zamani, hamu humrukia ghafla. Wengi hurudia. Na anaporudia, hutumia kipimo kile alichokuwa akitumia zamani, ilhali mwili wake umekwisha kusahau kukibeba. Heroini huzima pumzi. Mtu husinzia, pumzi zikapungua, midomo ikawa ya buluu, akafa.

Nimeona familia ikimzika kijana wiki mbili baada ya kumfanyia karamu ya kumpokea kutoka kituo cha kurekebisha tabia. Walikuwa wamelipa miezi mitatu. Hakuna aliyewaambia kwamba wiki za mwanzo baada ya kutoka ndizo za hatari kubwa kuliko hata zile alizokuwa akitumia kila siku. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetoka gerezani.

Kuachishwa ghafla bila tiba ya kuendelea, kwa hiyo, ni nusu ya safari, na ni nusu ya hatari. Tuliliona hilo kwa macho mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011, unga ulipoadimika ghafla Mombasa na miji mingine ya Pwani baada ya serikali kuwaandama walanguzi. Mamia ya watu walifikwa na arosto kwa wakati mmoja, na hospitali zetu wakati huo hazikuwa na mpango wowote wa methadoni wa kuwapokea. Wengine waligeukia tembe na pombe. Unga uliporejea sokoni, wengi waliurudia.

Dawa inayonywewa kila siku

Methadoni ni ya ukoo wa mofini. Iliundwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, na katika miaka ya 1960 madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York ndio walioonyesha kwamba inaweza kumtuliza mraibu wa heroini. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya dawa muhimu kwa tiba hii mwaka 2005. Tanzania walitutangulia: Muhimbili walianza Februari 2011. Sisi tulianza Mathari mwezi Desemba 2014, Malindi ikafuata 2015, na baadaye kliniki nyingine zikafunguliwa, zikiwemo za Ngara hapa Nairobi, Kisauni huko Mombasa na Kombani katika kaunti ya Kwale.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Heroini humpandisha mtu haraka na kumwangusha haraka, ndiyo maana anaihitaji mara tatu au nne kwa siku. Methadoni hupanda polepole na kudumu siku nzima na zaidi. Mgonjwa hunywa kipimo kimoja cha maji maji mbele ya muuguzi au mfamasia, akaenda zake. Haimlevyi akishafikia kipimo chake sawasawa, arosto haimfikii, na hata akijaribu heroini juu yake haoni ladha kubwa. Mtu aliyekuwa akitumia saa zote za mchana kutafuta kete sasa ana mchana mzima mikononi mwake.

Huanzishwa kwa kipimo kidogo, kwa kawaida miligramu 15 hadi 30, kwa kuwa methadoni hujikusanya mwilini na ukiharakisha inaweza kuua. Kisha hupandishwa taratibu. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Jamaa wengi humshikilia daktari ampunguzie upesi, wakiona aibu ya mtoto wao kunywa "dawa nyingi". Msifanye hivyo. Anayepewa kidogo mno ndiye anayerudi maskani jioni.

"Lakini daktari, si huku ni kubadilisha ulevi kwa ulevi mwingine?" Ni swali la haki, na halifai kujibiwa kwa dharau. Ni kweli kwamba mwili wa anayetumia methadoni unaitegemea, na akiiacha ghafla atapata arosto, tena ndefu. Tofauti ni kwamba hajidungi, haibi, hanunui kitu asichojua kimechanganywa na nini, na anaweza kwenda kazini saa mbili asubuhi. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba vifo hupungua kwa nusu au zaidi muda wote mtu akiwa kwenye tiba hii. Kati ya mtoto anayekunywa dawa kila asubuhi na mtoto aliyezikwa akiwa "safi", mimi nilishachagua.

Tiba hii haina muda wa wiki wala mwezi. Chini ya mwaka mmoja ni mapema mno kwa walio wengi, na wapo watakaoihitaji miaka mingi. Anayetaka kuiacha hupunguziwa kidogo kidogo, kwa miezi, akiwa na kazi au shughuli ya kufanya na watu wa kumshika mkono.

Ipo pia buprenofini, ambayo huwekwa chini ya ulimi. Ni salama zaidi kwa upande wa pumzi, lakini lazima ianzwe arosto ikiwa imeshaanza, la sivyo yenyewe huileta kwa kishindo. Naltreksoni hufunga vituo vile vya ubongo visipokee kitu. Humfaa mtu aliyekwisha kukaa wiki moja au siku 10 bila unga na mwenye nia thabiti, na hao ni wachache.

Utaanzia wapi? Kwa simu, namba 1192 ya NACADA haitozwi pesa. Kwa miguu, nenda kliniki ya methadoni iliyo karibu nawe, au kwa mashirika yanayowafikia waraibu mitaani. Malindi kuna Omari Project, ambao wamekuwa katika kazi hii tangu miaka ya 1990, na Mombasa kuna Reachout na MEWA. Hawa ndio mara nyingi humwandaa mgonjwa na kumpeleka kliniki. Uliza kwanza hali ilivyo kwa sasa, kwa sababu huduma hizi kwa miaka mingi zimeegemea wafadhili wa nje, na mambo ya wafadhili hubadilika. Katika kliniki za serikali dawa yenyewe haiuzwi. Huwezi kumwandikisha mtu mzima akiwa hayupo wala kwa nguvu. Lazima aje mwenyewe na akubali.

Atapimwa mkojo, virusi vya ukimwi, homa ya ini na kifua kikuu. Usiruke vipimo hivi. Kugawana sindano kumewaacha waraibu wetu na kiwango cha ukimwi kinachopita mara kadhaa kile cha wananchi wengine. Na hapa nina neno kwa wenzangu wa hospitali za kawaida pia: rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huichoma methadoni mwilini upesi, na baadhi ya dawa za ukimwi kama efavirenzi hufanya vivyo hivyo. Mgonjwa akianzishwa dawa hizo bila kipimo cha methadoni kuongezwa, arosto humrudia na watu husema "ameshindwa". Hajashindwa. Mwambie mgonjwa wako ataje dawa zake zote kila mahali anakotibiwa.

Kitu kinachowaangusha wengi si hamu ya unga, ni nauli. Dawa ni ya kila siku, kliniki moja inahudumia eneo kubwa, na mtu hana kazi. Familia inayotaka kusaidia kwa pesa isaidie hapo: mlipie matatu, au afadhali zaidi, nenda naye. Pesa taslimu mkononi miezi ya mwanzo ni mtihani usio wa lazima. Akikosa dawa siku tatu mfululizo, usimgombeze muuguzi anapompunguzia kipimo. Mwili husahau upesi, na kumrudishia kipimo cha zamani papo hapo kunaweza kumuua.

Vituo vya kulala

Siwapingi wenye vituo vya kurekebisha tabia. Baadhi hufanya kazi nzuri, hasa kwa kijana ambaye nyumbani kwao ndiko kwenye maskani. Ila kabla hujauza ng'ombe au kuchukua mkopo wa chama, uliza. Je, kituo kimeidhinishwa na NACADA, na cheti kiko wapi? Ni daktari au muuguzi gani anayeangalia arosto usiku? Mgonjwa anayetumia methadoni anaruhusiwa kuendelea nayo? Akitoka, nani atamfuatilia, na kwa muda gani? Wakikwambia kwamba wanaponya kwa asilimia 100, chukua kofia yako uondoke. Na ukiona minyororo, milango ya kufuli au alama za fimbo, ondoka na mwanao. Wapo watu waliofia mahali pa namna hiyo, na wapo waliofungwa nyumbani kwenye chumba cha nyuma kwa nia njema kabisa ya wazazi wao.

Ushauri nasaha una nafasi yake, na dini ina nafasi yake. Nimeona sheikh na pasta wakifanya ambalo mimi sikuliweza, yaani kumkalisha kijana akataka kuishi. Tatizo huanza pale anayeombewa anapoambiwa kwamba dawa ni upungufu wa imani.

Kuhusu namna ya kuzungumza naye, chagua saa. Akiwa amelewa hakusikii, akiwa na arosto hana nafasi ya kukusikia. Huwa kuna saa kati ya hizo mbili. Usilete ukoo mzima. Mama mmoja aliniambia alimshinda mwanawe kwa maneno machache tu: "Baba, kesho nakwenda Ngara. Matatu ya saa kumi na mbili. Ukitaka twende." Alikwenda peke yake mara mbili, akauliza maswali yake, akarudi. Mara ya tatu kijana alikuwa amevaa viatu.

Mwanamke mwenye mimba asiachishwe unga kwa ghafla, kwani arosto inaweza kuharibu mimba. Apelekwe kliniki aanzishwe methadoni, na aseme hivyo wodini anapojifungua ili mtoto aangaliwe. Wanawake huchelewa kuja kwa kuogopa kunyang'anywa watoto na kutukanwa na wahudumu. Ukiwa wewe ndiwe muuguzi unayesoma haya, tafadhali chunga ulimi wako.

Jambo la mwisho lihifadhi kichwani hata kama hutalihitaji. Ukimkuta mtu amezimia, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya kalamu, anakoroma au hapumui vizuri, midomo ya buluu, hiyo ni heroini imezidi. Usimmwagie maji baridi, usimnyweshe maziwa, usimdunge maji ya chumvi. Mtikise na kumwita kwa sauti. Asipoitika, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua yake, mpulizie pumzi mdomoni moja kila baada ya sekunde tano, huku mwingine akitafuta gari. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze kwa ubavu asisongwe na matapishi. Ipo dawa iitwayo naloksoni ambayo humzindua kwa dakika chache. Mashirika yanayowafikia waraibu huwa nayo, kwa hiyo waulize mapema walivyojipanga mtaani kwako. Nguvu ya naloksoni huisha ndani ya saa moja au saa moja na nusu, mara nyingi kabla ya heroini, basi hata akiamka na kusema yu mzima, mpeleke hospitali. Na hatari huzidi maradufu kama amechanganya na pombe au tembe za usingizi, zile vijana wa Mombasa wanazoziita bugizi. Hilo linamhusu pia aliye kwenye methadoni.

Kliniki hufunguliwa kila siku, Jumapili na sikukuu pia, na asubuhi mapema ndiko kwenye nafuu ya foleni. Mkienda mara ya kwanza, bebeni kitambulisho chake kama anacho, kadi za hospitali za zamani, na majina ya dawa zozote anazomeza. Asiwe amekunywa pombe asubuhi hiyo. Na wewe beba chakula, kwa sababu siku ya kwanza ina maswali mengi na mtakaa hadi mchana.